Sufuria Haikukausha Jicho la Maji

Atupele mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na umesema utachelewa kwa sababu wale wakianza kuimba hawajui kunyamaza. Afadhali. Nimekaa hapa mlangoni, begi lako liko nyuma yangu limefungwa kamba ya katani, na mwanga umebaki wa kama saa moja hivi tu. Mimi unanijua, nikiongea narukaruka, naanza la mahindi naishia la redio, nikikutazama usoni ndiyo kabisa. Kwa hiyo naandika. Karatasi mbili nimeshazichana.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usali, wala usipande gari na mtu usiyemjua. Hayo mama yako mdogo wa Tunduma atakuimbia mpaka uchoke, na yeye anajua kuimba kuliko mimi. Mimi ninalo moja tu, na nimekaa nalo miaka kumi na moja.

Wiki mbili zilizopita ulikuwa mbele ya kioo unajifunza Kibemba cha dukani. "Muli shani, mayo! Muli shani, mayo!" Yaani hujambo, mama. Unainama, unacheka peke yako. Nikakuuliza, "Sasa wewe, huko Tunduma unafurahia nini? Malori?"

Ukajibu bila kugeuka: "Mama, kule hakuna mtu anayeniita Masizi."

Ulisema kama utani. Mimi nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya choo kama mwizi. Nilidhani unaondoka kutafuta maisha, kama watoto wote. Kumbe unaondoka kulikimbia jina. Na jina hilo nilikupa mimi, ingawa sikulitamka hata siku moja.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana wewe unayajua kwa upande wako tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, wewe saba. Shule niliiachia kidato cha pili, tumbo lako likiwa limeshaonekana, lakini kusoma sikuacha. Nilisoma gazeti lililofungiwa maandazi. Nilisoma mfuko wa mbolea mbele na nyuma. Mtu akipita na kijitabu naomba, akininyima nakisoma mkononi mwake. Ndiyo maana walinichagua katibu wa kamati ya maji, mdogo kuliko wote pale. Yaani we acha tu, nilinunua kalamu mbili, nyekundu na bluu.

Kwenye kamati nikakuta kijitabu cha usafi wa vyanzo vya maji. Kimeandikwa: chanzo kiwe safi. Basi. Mimi neno safi nilikuwa nalijua la aina moja, la shuleni na la ofisini: uwanja umefagiliwa, hakuna jani, na mawe ya kando ya njia yamepakwa chokaa. Ukiona mawe meupe ujue hapa kuna watu wanaojitambua. Nikapandisha mlima kwenda Jichoni, kwenye chemchemi yetu, nikaangalia kwa macho hayo mapya, nikaona aibu.

Wewe Jichoni ya zamani huikumbuki vizuri, na hilo nalo linaniuma. Miti ilikuwa imefungana juu, ukungu unaingia asubuhi hautoki mpaka saa nne. Chini mawe yote, magogo yote yaliyoanguka, mizizi yote, vimevaa manyoya. Hivyo ndivyo tulivyoyaita, manyoya ya mawe. Yale majani madogo laini ya kijani yasiyo na ua, yanayoota yamebanana kama zulia. Ukiweka mguu unazama kidogo, ukiutoa shimo linajaa maji. Na maji ya Jichoni hayakuwa yanaruka kama bomba. Yalikuwa yanatoka kama jasho, tone hapa tone kule, kutoka kwenye manyoya yenyewe, yanakutana chini, yanakuwa jicho. Kiangazi, masika, kiwango kile kile. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mimi niliona uchafu. Kuteleza, vyura, wadudu, giza.

Halafu ikaja habari kwamba mgeni rasmi anakuja kutembelea vyanzo vya maji. Nilipiga kelele! Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikawaita kina mama wote: panga, majembe, mabeseni, magunzi ya kusugulia. Tukapanda.

Bibi yako alitukuta siku ya kwanza, amesimama na fimbo yake, kitenge kiunoni. Akasema, "Mnalivua jiwe nguo ili lifanye nini?"

Nikasema, "Mama, huu ni uchafu. Humu wanakaa wadudu."

"Wanakaa. Na wewe unakaa kwako, nani amekuja kukufagia?"

Wanawake wakacheka, jirani yetu Mama Faraja mpaka akaketi chini. Mimi nikiwa na kalamu yangu nyekundu sikioni, katibu, nikaona nimevuliwa nguo mimi. Nikamjibu mbele ya watu wote: "Mama, wewe hujasoma."

Kicheko kikakatika. Bibi yako alisogea kwenye jiwe. Aliinama, akachukua bonge moja la manyoya tuliloling'oa, akalirudisha juu ya jiwe, akalibonyeza kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto. Akateremka. Alipopotea kwenye kona nikalitoa tena.

Siku tatu. Tulikwangua mawe, tukasugua kwa magunzi na mchanga na sabuni ya unga. Magogo tukayapasua kuni. Matawi tukayakata ili mwanga uingie. Manyoya tukayabeba mabeseni kwa mabeseni tukayamwaga korongoni. Halafu chokaa. Nilipaka mwenyewe, jiwe moja moja, mpaka mlima ukaonekana una meno. Nikasimama chini nikatazama, nikafurahi mwanangu. Sijawahi kufurahi vile tena. Nakuambia hili kwa sababu watu husema ukifanya kosa kubwa moyo unakuonya. Mimi haukunionya hata kidogo. Ulikuwa unaimba.

Mgeni rasmi hakufika. Mvua ilitangulia siku moja, gari lake likashindwa kupanda, akahutubia pale shuleni chini, akanywa soda, akaondoka. Chokaa ile waliiona vyura.

Mvua zikaendelea. Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penyewe. Manyoya hayana mizizi kama mhindi au mti. Yameshikilia tu, kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni. Lakini chini yake yalikuwa yamehifadhi udongo, mweusi, laini, unene wa kidole, sehemu nyingine kiganja. Udongo wa miaka ambayo hata bibi yako alikuwa hajazaliwa. Tulipoyatoa, udongo ule ulibaki uchi. Mvua ya kwanza ikaulainisha, ya pili ikauteremsha. Uliingia wote kwenye jicho. Tukazibua, ukaingia tena. Mawe juu yakabaki makavu na meupe, mvua ikinyesha inateleza inapita inakwenda zake mtoni, haina pa kukaa. Masika yote maji ya matope. Masika yalipokwisha, maji nayo yakaanza kwisha.

Mwezi wa sita ndoo moja unasubiri mpaka miguu inakufa ganzi.

Na ni mwezi huo huo. Nilikuwa hapa hapa mlangoni nasoma, kitabu chenyewe hata sikumbuki. Ukaja, umevaa lile gauni la kijani lenye mfuko mmoja. "Mama, ndoo ameazima Mama Faraja."

Nikasema, "Chukua chochote, Atupele, kimbia, foleni itakuwa ndefu!"

Sikuinua kichwa. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka hata pumzi yake. Chukua chochote. Ukachukua sufuria ya maharage, imetoka kwenye mafiga asubuhi hiyo, nyeusi tii. Na huku kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua: chombo kilichokaa motoni hakiingii Jichoni. Unachota kwa kata au kwa ndoo safi. Masizi yakigusa jicho, jicho linakasirika linafumba. Wewe ulikuwa unajua. Lakini mama yako amesema chochote, tena kimbia, na wewe ulikuwa mtoto wa kusikia.

Wakakuona. Wakakufukuza. Ukarudi unalia, sufuria tupu, mimi nikakubembeleza, nikasahau. Mpaka mwezi wa nane, maji yalipobaki uzi, ukaitishwa mkutano.

Nataka nikuambie nilivyokaa siku ile. Nilikaa mbele, kwenye benchi la kamati, daftari magotini. Wazee wakauliza nani amekosea Jichoni. Mimi nilikuwa najua udongo ule umetoka wapi, nilikuwa nauzibua kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, si vizuri, lakini nilishaanza. Nikasubiri mtu aseme chokaa. Hakuna aliyesema chokaa, maana wote tulisugua. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Kuna mtoto alizamisha masizi." Nikasikia, Mungu anisamehe, nikasikia pumzi inanirudia.

Wakakusimamisha katikati. Mzee akakuuliza, kwa upole tu, hakukutisha: "Nani alikutuma na sufuria, mjukuu wangu?"

Ukanitazama.

Miaka kumi na moja naiona ile. Ulikuwa na uji mkavu pembeni ya mdomo. Ukanitazama, mimi nikatazama ndala zangu. Na wewe, miaka saba, ukasema, "Hakuna. Nilichukua mwenyewe."

Ulinificha, Atupele. Mtoto alimficha mama yake mbele ya kijiji, na mama akakubali kufichwa.

Uamuzi unaujua: sufuria itupwe korongoni, na mtoto asikanyage Jichoni mpaka maji yarudi. Maji hayakurudi. Ndiyo ukakua unasimama pale njia panda na ndoo yako, unasubiri mwenzako mwenye huruma akuchotee. Ndiyo wale watoto wakaanza, "Masizi, usipite hapa, tutakauka!" Harusini ukipewa kazi ya kugawa maji kuna mkono unarudi nyuma. Na wewe ukajifunza kucheka kabla hawajacheka. Nilikuwa nakuona. Kila siku nilisema, kesho nitasema. Kusema si kulima, huhitaji mvua. Lakini nilichelewa siku moja, ikawa aibu ya siku mbili, ikawa mwezi. Uongo wa kunyamaza hauna siku ya kuharibika kama maziwa. Unakaa tu.

Bibi yako alijua yote. Jioni ya mkutano alikuja akakaa pale kwenye kinu, akaniambia, "Mimi mdomo wako siwezi kuusemea." Basi. Hakunitukana, hakuwaambia watu. Alisubiri. Alisubiri miaka miwili, na siku ile alipokuwa amelala hajiwezi nikamletea uji, akafumbua macho akauliza, "Umesema?"

"Bado, Mama."

"Haya."

Akageukia ukutani. Asubuhi hakuamka. Sikuwahi kumwomba radhi kwa lile la kusoma. Mimi niliyesoma.

Sasa, unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, ukaleta kile kitabu cha baiolojia cha kuazima? Wewe uliinuka kwenda kulala, mimi nikakivamia. Nikafika ukurasa wenye picha. Nikasema, he! Haya si manyoya yetu? Jina la Kiingereza, mchoro, mishale. Imeandikwa hayana mizizi ya kweli. Yanakunywa kwa mwili mzima, mvua, ukungu, umande, chochote kinachopita. Yanashika maji, yanayaachia polepole. Yanakauka yanaonekana yamekufa, mvua ikinyesha yanaamka. Nikasoma mara tano. Nikasema huyu mwandishi ananisimulia mimi.

Si unajua mimi siamini mpaka nishike. Kesho yake nikapanda mbali kabisa, upande ambao mapanga yetu hayakufika, nikachukua bonge moja la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kulikuwa hakujanyesha siku tisa. Nikalikamua juu ya kikombe. Lilitoa maji karibu kikombe kijae! Siku tisa za jua! Nikachukua mawe mawili, moja nikalivisha manyoya, jingine tupu, nikayaweka kwenye ungo, nikayamwagia birika moja moja. Jiwe tupu likamaliza kutiririka kabla sijaiweka birika chini. Jiwe lenye manyoya lilikuwa bado linadondosha wakati wewe unarudi shule, ukaniuliza, "Mama, mbona unapika mawe?" Nikacheka nikakudanganya. Nilikuwa nimeruka jikoni peke yangu kama mwendawazimu, nimegundua! Halafu nikaelewa nimegundua nini, nikakaa kwenye kigoda.

Yale hayakuwa uchafu juu ya chemchemi. Yalikuwa tangi. Mlima ule ulivaa tangi la maji mwili mzima, na ukungu wa asubuhi ulikuwa unalijaza bure. Na vyura waliotaga humo, na wadudu wanaoliwa na ndege, na miche ya miti mikubwa ambayo, nenda katazame, inaota juu ya gogo lenye manyoya kwa sababu chini kwenye majani makavu mbegu inakufa kiu. Vyote hivyo nilivisugua kwa magunzi.

Sitaki kukudanganya tena, kwa hiyo na hili nalisema: si manyoya peke yake. Wapo waliolima juu ya Jichoni, wapo waliokata miti, na mvua nazo zimebadilika. Labda hata bila mimi maji yangepungua. Lakini sufuria yako, hapana. Masizi ni mkaa kidogo wa kuni, mvua moja inaosha. Wazee waliweka mwiko ule kwa akili zao, watu wasichafulie wenzao maji ya kunywa, na ni mwiko mzuri. Ila jicho halikufumba kwa masizi. Lilifumbwa kwa matope, na matope niliyateremsha mimi.

Hata baada ya kujua, sikusema. Nilifanya nini? Nilianza kuyarudisha. Zile Ijumaa ulizodhani nakwenda kwenye maombi, nilikuwa Jichoni. Nachukua kipande kidogo kule mbali, kidogo ili nisiharibu na kule, nakisagasaga, nakibonyeza kwenye jiwe, nanyunyizia maji, naweka tawi la kivuli. Mimi! Mtu asiyeweza kusubiri chai ipoe! Jua likakausha, nikaanza tena. Mbuzi wakakanyaga, nikaanza tena. Chokaa yenyewe mpaka leo ipo kwenye mawe mengine, madoa meupe, na pale hayashiki kabisa.

Miaka mitatu. Unajua yamefika wapi? Kiganja. Kuna jiwe moja chini ya mti uliobaki, yameshika sehemu kama kiganja changu na vidole. Siku tatu za mapanga, miaka mitatu ya kiganja kimoja. Ile Jichoni ya bibi yako sitaiona mimi, labda usiione wewe pia. Nilikuwa nadhani haraka ni akili. Watu walikuwa wananisifu, Mama Atupele mwepesi, Mama Atupele moto. Sasa naogopa sana vitu vinavyonifurahisha haraka. Sikuambii na wewe uogope. Nakuambia tu mimi ninavyoogopa.

Na wewe ni mwepesi kama mimi, nimekuona. Lakini una kitu ambacho mimi sina. Ulipotazamwa na watu wote ulichukua mzigo usio wako. Mimi nilipotazamwa na mtu mmoja nikautua wangu juu yako. Usifikiri nakusifu. Huko Tunduma watu wakigundua unabeba, watakupakia. Mimi mama yako nilikupakia, itakuwa mgeni?

Mwanga unapungua, naandika haraka, utaona herufi zinavyokimbia.

Leo mchana ulipokwenda kwa fundi kufuata sketi, nilipanda kwenye kichanja juu ya mafiga, nyuma ya mahindi ya mbegu, nikatoa gunia. Sufuria ile sikuitupa korongoni, Atupele. Nilisema nimetupa. Nilishindwa. Mpini mmoja umekatika, masizi bado yapo nje, tii vile vile. Nikaibeba mkononi, wazi, sikuifunika, nikapita katikati ya kijiji.

Pale Jichoni walikuwepo wanawake sita na mzee wa kanisa mmoja, anasubiri ndoo ya mkewe. Mama Faraja ndiye alinikuta kwanza.

"Wee! Mama Atupele! Hayo si masizi?"

"Ni masizi."

"Umechanganyikiwa? Sufuria ya nani hiyo?"

Nikamwambia, "Ni ile ile."

Nikapiga magoti, nikaizamisha. Maji ni uzi, mwanangu, unajua, haizami, unailaza ubavu unasubiri. Hakuna aliyenizuia, nadhani waliogopa kunigusa. Na wakati nasubiri ijae, nikasema. Nilisema nani alikutuma. Nilisema nilikuwa nasoma, sikuinua kichwa. Nikasema chokaa, nikasema udongo, nikawaonyesha kile kiganja cha kijani kwenye jiwe, nikawaambia bibi yako alisema nini na mimi nilimjibu nini. Sikulia.

Mmoja akasema, "Lakini wote tulisugua." Nikamwambia ndiyo, ila mtoto mmoja tu ndiye aliyesimamishwa.

Mzee wa kanisa akauliza, "Na kwa nini leo?"

Nikasema, "Kwa sababu kesho anaondoka, na anaondoka na jina letu."

Mama Faraja alikuwa ameshika ndoo yetu, ile ile anayoazima kila siku. Alinitazama, nikadhani atanitukana, ningefurahi. Alisema polepole: "Mtoto wako mwenyewe?" Akamwaga maji yake yote pale chini, maji aliyoyasubiri nusu saa, akateremka na ndoo tupu. Sijui alimwaga kwa nini. Nimekaa hapa nawaza, sijui.

Jumapili baada ya ibada nitasimama kwenye mkutano. Kamati wataniondoa, na ni haki yao. Wengine wataendelea kuamini ni masizi, kwa sababu masizi ni rahisi. Siwezi kukuahidi kwamba jina litakufa. Naweza kukuahidi kwamba kila atakayelitamka mbele yangu nitamjibu, na sitatazama ndala.

Labda kwaya wameshakuambia. Habari huku kwetu inamfikia mwenyewe kabla hajafunga mlango. Labda hutarudi leo, utalala huko kwa wenzako, utapita asubuhi kuchukua begi tu. Pikipiki itakuja saa kumi na moja na nusu, ikufikishe kwenye lami upate gari la kwenda Mpemba, halafu Tunduma. Sikuombi unisamehe. Msamaha ukiombwa mlangoni, pikipiki inaunguruma nje, mtu anatoa ili aondoke. Kaa nao huko. Ukichelewa miaka kumi na moja sitalalamika, najua hesabu hiyo nilijifunzia wapi.

Barua nimeiweka juu ya begi. Sufuria iko pale kwenye mafiga, nimeifunika sahani. Kabla sijaifunika nilitazama ndani. Nje nyeusi kama usiku, ndani maji yametulia mpaka unaona mikwaruzo ya mwiko chini. Hayajabadilika rangi. Na nilipoitoa Jichoni, Atupele, nilibaki pale nimepiga magoti, nikasubiri nione kama jicho litafumba. Lile tone likaja. Halafu jingine.

Alfajiri nitakoka moto, nitachemsha chai na maji hayo. Nitakunywa mimi kwanza. Cha kwako kitakuwa pale kwenye kigoda, na kama hutaki, mwaga tu, sitakuuliza. Ila njia ya pikipiki inapita njia panda, pale ulipokuwa unasimama na ndoo. Mwambie asimame. Shuka. Panda mpaka Jichoni kwa miguu yako, ukanawe uso.

Mama yako.